Picha ipi huuona uboho? Tofauti za vipimo vya uboho wa mifupa kwa mgonjwa wa saratani

Mgonjwa mwenye umri wa miaka 60 afika kliniki akilalamikia maumivu ya mgongo yaliyomsumbua kwa miezi minne. Anachoka upesi, viganja vyake vimepauka, na kipimo cha damu chaonyesha upungufu wa damu. Apigwa picha ya eksrei ya uti wa mgongo, na majibu yarudi yakisema kwamba pingili zote ziko katika hali ya kawaida. Apewa dawa za maumivu na vidonge vya kuongeza damu, kisha arudi nyumbani. Miezi mitatu baadaye, akiinua ndoo ya maji, pingili moja yavunjika. Uchunguzi wa kina wabainisha mieloma, yaani saratani ya seli za plazma, ambayo ilikwisha kuenea ndani ya uboho wa mifupa tangu siku ile ya kwanza.

Mfano huu umetungwa kwa ajili ya maelezo, lakini mwenendo wake unafahamika vyema kwa madaktari wa saratani. Jambo la kuzingatia ni kwamba huenda hapakuwa na mtu aliyekosea kuisoma picha ile. Eksrei ilijibu swali ambalo ina uwezo wa kulijibu: je, madini ya mfupa yamepungua kiasi cha kuonekana kwa macho? Jibu lilikuwa hapana, na lilikuwa la kweli. Swali lililohitaji jibu lilikuwa jingine: je, ndani ya mfupa, mahali pa uboho, pamekaliwa na nini?

Hilo ndilo kiini cha makala haya. Vipimo vya picha vinavyotumiwa kwa wagonjwa wa saratani havitofautiani kwa ubora tu, kana kwamba kimoja ni taa hafifu na kingine ni taa kali inayomulika kitu kilekile. Kila kimoja hutazama kitu tofauti: kimoja huona madini, kingine huona kazi ya kujenga mfupa, kingine huona mafuta na maji, na kingine huona ulaji wa sukari. Anayefahamu tofauti hiyo atajua majibu yanayosema "hakuna tatizo" yana maana gani, na hayana maana gani.

Uboho ni nini, na saratani huubadilisha vipi

Uboho, ambao baadhi ya watu huuita uloto, ni tishu laini iliyojaza nafasi za ndani ya mifupa. Hapo ndipo zinapotengenezwa chembe nyekundu za damu, chembe nyeupe na chembe sahani. Kwa mtu mzima mwenye afya, uboho huzalisha chembe nyekundu zipatazo bilioni 200 kila siku. Ni kiwanda kisichofungwa usiku wala mchana.

Kuna uboho wa aina mbili. Uboho mwekundu ndio unaotengeneza damu. Una maji kwa takribani asilimia 40, mafuta asilimia 40 na protini asilimia 20. Uboho wa manjano umepumzika. Mafuta yake hufikia asilimia 80 na maji asilimia 15 tu. Mtoto mchanga ana uboho mwekundu karibu katika mifupa yote. Kadiri anavyokua, uboho wa manjano huchukua nafasi, ukianzia kwenye vidole na kusogea kuelekea kiwiliwili, hata kufikia umri wa miaka 25 hivi uboho mwekundu hubaki zaidi katika pingili za uti wa mgongo, nyonga, mbavu, kidari, fuvu, na sehemu za juu za mifupa ya mapaja na mikono.

Saratani huingia katika uboho kwa njia mbili. Ya kwanza ni kuzaliwa humo humo, kama ilivyo kwa lukemia na mieloma. Ya pili ni kuhamia kutoka kwingine, kama inavyotokea mara kwa mara kwa saratani ya matiti, ya tezi dume na ya mapafu. Limfoma nayo huanzia zaidi kwenye tezi za limfu, kisha huweza kuufikia uboho. Kwa kuwa uboho mwekundu una mishipa mingi ya damu, seli za saratani zinazosafiri katika damu hutua hapo kwa urahisi. Ndiyo maana uti wa mgongo na nyonga huathirika kabla ya mifupa ya mikono na nyayo.

Mpangilio wa matukio ni muhimu. Kwanza seli za saratani hukaa katika uboho na kuyasukuma mafuta pembeni. Baadaye huchokoza seli zinazomeng'enya mfupa au zile zinazoujenga. Mwisho, mfupa wenyewe hupoteza madini na kutoboka, au huwa mgumu kupita kiasi, na hatimaye huvunjika. Kila kipimo cha picha hukutana na ugonjwa katika hatua yake mojawapo.

Eksrei: shahidi anayefika mwisho

Wilhelm Conrad Röntgen aligundua miale ya eksrei mwaka 1895 mjini Würzburg, Ujerumani, na mfupa ukawa kitu cha kwanza cha ndani ya mwili kuonekana bila kupasuliwa. Miale hiyo huzuiwa na kalsiamu, kwa hiyo mfupa huonekana mweupe. Uboho hauna kalsiamu, na eksrei hauoni kabisa. Kinachoonekana ni madhara ambayo ugonjwa umeyafanya kwenye kuta zinazouzunguka.

Madhara hayo huchelewa kujitokeza. Sehemu ya mfupa hupaswa kupoteza takribani asilimia 30 hadi 50 ya madini yake kabla tundu halijaonekana kwenye eksrei ya kawaida. Katika pingili za uti wa mgongo, ambako gesi ya tumbo na viungo vingine hufunika picha, kasoro hiyo ni kubwa zaidi. Hata hivyo, eksrei isidharauliwe. Ni ya bei nafuu, inapatikana hata katika hospitali za wilaya, na huonyesha upesi mfupa mrefu uliovunjika au unaokaribia kuvunjika. Inapoonyesha matundu, ushahidi wake una uzito. Isipoonyesha kitu, ukimya wake haumwondolei mgonjwa shaka.

CT: madini kwa undani zaidi

Kipimo cha CT nacho hutumia miale ya eksrei, lakini mashine huuzunguka mwili na kompyuta huunganisha vipimo vingi kuwa vipande vyembamba vya picha. Mgonjwa wa kwanza alipimwa kwa mashine ya Godfrey Hounsfield jijini London mwaka 1971. Kwa kuwa hakuna kiungo kinachokifunika kingine, CT huona matundu madogo ambayo eksrei ya kawaida huyakosa, hasa katika uti wa mgongo, mbavu na nyonga. Huonyesha pia kama ukuta wa pingili umedhoofika kiasi cha kuhofia kuvunjika, jambo ambalo daktari wa upasuaji wa mifupa anahitaji kulijua.

Kwa wagonjwa wa mieloma hutumika CT ya mwili mzima yenye kiwango kidogo cha mionzi. Mgonjwa hulala dakika chache tu, wala hachomwi dawa ya kung'arisha picha. Hilo ni jambo jema, kwa sababu mieloma mara nyingi huharibu figo, na figo zilizodhoofika hazipaswi kuongezewa mzigo. Katika mifupa mirefu, ambako uboho wa mtu mzima ni wa mafuta na huonekana mweusi, CT huweza hata kuonyesha donge la saratani lililochukua nafasi ya mafuta hayo. Katika uti wa mgongo, hata hivyo, uboho wenye ugonjwa uliotawanyika bila kutoboa mfupa huweza kupita bila kuonekana.

Skani ya mifupa: mwangwi wa ujenzi

Skani ya mifupa ni kipimo cha tiba ya nyuklia. Mgonjwa hudungwa kemikali ya jamii ya fosfeti iliyoambatanishwa na teknesiamu-99m, madini yenye mionzi ambayo hupungukiwa nusu ya nguvu kila baada ya saa 6. Baada ya muda wa saa 3 hivi, kamera ya gama huchora ramani ya mahali kemikali hiyo ilipojikusanya. Nayo hujikusanya pale seli zinazojenga mfupa zinapofanya kazi kwa bidii.

Kwa saratani ya tezi dume na ya matiti, ambazo huchochea mfupa kujijenga ovyo, kipimo hiki kimekuwa tegemeo kwa miongo mingi. Huuonyesha mwili wote kwa mara moja na kwa gharama inayovumilika. Lakini mieloma huzizuia seli zinazojenga mfupa zisifanye kazi. Matundu yanaweza kuwa mengi na skani ikabaki kimya. Ndiyo sababu skani ya mifupa haifai kuwa kipimo cha kutegemewa kwa mgonjwa wa mieloma.

Kuna mitego mingine miwili. Saratani ikienea katika mifupa yote kwa usawa, kemikali hunyonywa kila mahali, na picha huweza kuonekana nzuri na safi kwa jicho lisilozoea. Dalili ya siri ni kwamba figo, ambazo kwa kawaida huonekana, hufifia au kutoweka. Mtego wa pili ni kwamba mfupa unaopona baada ya matibabu nao hujijenga kwa nguvu, kwa hiyo skani iliyopigwa miezi michache baada ya kuanza dawa huweza kuonekana mbaya zaidi ilhali mgonjwa anapata nafuu.

MRI: kusoma mafuta na maji

MRI haitumii eksrei wala madini ya mionzi. Hutumia sumaku yenye nguvu kubwa na mawimbi ya redio kupata ishara kutoka kwa hidrojeni iliyomo ndani ya maji na mafuta ya mwili. Kwa kuwa uboho wenyewe ni mafuta na maji, MRI ndicho kipimo kinachouona moja kwa moja.

Katika aina ya picha iitwayo T1, mafuta hung'aa. Uboho wa mtu mzima mwenye afya, hata ule mwekundu, una mafuta ya kutosha kuufanya ung'ae kuliko visahani vilivyopo baina ya pingili. Saratani inapoyaondoa mafuta, eneo hilo huwa jeusi. Kanuni hii rahisi, kwamba pingili isiwe nyeusi kuliko kisahani kilicho jirani yake, humsaidia mtaalamu wa radiolojia hata pale ugonjwa ulipotawanyika kwa usawa na hakuna doa linalojitenga. Katika aina nyingine ya picha, ishara ya mafuta huzimwa ili maji yaonekane, na hapo saratani hung'aa. Aina ya tatu hupima jinsi molekuli za maji zinavyosogea: mahali seli za saratani zilipobanana, maji hukosa nafasi ya kutembea.

Kwa njia hizo MRI hugundua ugonjwa katika hatua ya kwanza kabisa, kabla mfupa haujapoteza madini. Ndiyo pia inayoonyesha vyema uti wa mgongo wenyewe na mishipa ya fahamu. Mgonjwa wa saratani anayepata udhaifu wa miguu, ganzi, au kushindwa kuzuia haja anahitaji MRI ya uti mzima kwa dharura, kwa sababu saa chache zinaweza kuamua kama atatembea tena.

MRI ina mipaka yake. MRI ya mwili mzima huchukua hadi muda wa saa moja ndani ya mashine nyembamba yenye kelele, na mgonjwa mwenye maumivu hutakiwa kulala bila kutikisika. Baadhi ya vifaa vya kurekebisha mapigo ya moyo na vipande vya chuma ndani ya jicho huizuia isitumike. Zaidi ya hayo, baada ya matibabu, madoa huweza kubaki katika picha kwa miezi mingi ingawa seli za saratani zilizokuwamo zimekufa. MRI huonyesha mahali palipojeruhiwa. Si rahisi kwake kusema kama adui bado yumo.

PET-CT: ugonjwa ulio hai

Swali hilo la mwisho ndilo PET hulijibu vizuri. Mgonjwa hudungwa glukosi iliyoambatanishwa na florini-18. Seli nyingi za saratani hula sukari kwa wingi, hivyo huikusanya glukosi hiyo na kung'aa katika picha inayopigwa baada ya dakika 60 hivi. Mashine huunganisha ramani hiyo na picha za CT, ili kinachong'aa kijulikane kipo katika mfupa gani.

Nguvu ya PET-CT ni kutenganisha ugonjwa ulio hai na kovu lililobaki. Katika limfoma ya Hodgkin imebadilisha desturi ya muda mrefu: uainishaji wa Lugano, uliochapishwa mwaka 2014, ulieleza kwamba mgonjwa aliyepimwa kwa PET-CT halazimiki tena kutobolewa mfupa ili uboho uchunguzwe, maana picha hugundua mashambulizi ya uboho vizuri zaidi kuliko sindano inayochukua sehemu moja tu. Kanuni hiyo haikuhamishiwa kwa limfoma zote. Zile zinazokua polepole hula sukari kidogo, na uboho wake unaweza kuwa na ugonjwa usiong'aa.

Hata mieloma huweza kujificha. Kwa baadhi ya wagonjwa, seli za mieloma zina upungufu wa kimeng'enya kiitwacho heksokinase-2, ambacho ndicho hunasa glukosi ndani ya seli. PET husoma utulivu mahali ambapo MRI inaona madoa. Kwa upande mwingine, si kila king'aacho ni saratani: maambukizi na uvimbe nao hula sukari. Maandalizi yana uzito pia. Mgonjwa hutakiwa asile kwa muda usiopungua saa 4, na mwenye kisukari anapaswa kuwa na sukari iliyodhibitiwa, kwa kawaida isiyozidi milimoli 11 kwa lita, vinginevyo glukosi ya kipimo hushindana na sukari iliyojaa katika damu.

Vinavyoipotosha picha

Uboho hubadilika hata bila saratani, na mtaalamu asiyepewa historia ya mgonjwa huweza kupotoka. Upungufu mkubwa wa damu huulazimisha uboho wa manjano urudi kuwa mwekundu ili kuzalisha zaidi. Katika MRI eneo hilo huwa jeusi kuliko kawaida. Kwa mgonjwa wa selimundu, hali ambayo ni ya kawaida katika Afrika Mashariki, mageuzi hayo huenea katika mifupa mingi, na sehemu za uboho zilizokufa kwa kukosa damu huongeza madoa yanayofanana na saratani. Kifua kikuu cha uti wa mgongo huharibu pingili na kung'aa katika PET kama saratani inavyong'aa, ingawa mara nyingi hula kisahani baina ya pingili, wakati saratani kwa kawaida hukiacha salama.

Dawa nazo hubadilisha picha. Wagonjwa wengi wa tibakemia hudungwa dawa za kuuchochea uboho utengeneze chembe nyeupe. Uboho uliochochewa hula sukari nyingi, na mifupa yote ya kiwiliwili hung'aa kwa usawa katika PET. Asiyejua kwamba dawa hiyo ilitolewa siku chache zilizopita anaweza kuandika kwamba saratani imesambaa. Ndiyo maana vituo husubiri majuma kadhaa, kulingana na aina ya dawa, kabla ya kupiga picha. Sentensi moja katika fomu ya maombi inayotaja dawa, tarehe na kiwango cha damu huweza kuzuia kosa ambalo mashine ya bei yoyote haiwezi kulizuia.

Mieloma: mahali picha inapoamua matibabu

Umuhimu wa kuchagua kipimo huonekana wazi zaidi katika mieloma. Mwaka 1975, Durie na Salmon walipoweka hatua za ugonjwa huu, idadi ya matundu katika eksrei ilikuwa mojawapo ya vigezo. Kwa miongo kadhaa mgonjwa ambaye eksrei yake ilikuwa safi, na ambaye damu, figo na kalsiamu yake havikuwa na kasoro, alihesabiwa kuwa na mieloma tulivu, ambayo hufuatiliwa bila dawa.

Mwaka 2014, Kikundi Kazi cha Kimataifa cha Mieloma kilibadilisha vigezo hivyo. Tangu wakati huo, mgonjwa asiye na dalili yoyote ambaye MRI yake inaonyesha zaidi ya doa moja katika uboho, kila doa likiwa na ukubwa usiopungua milimita 5, huhesabiwa kuwa na mieloma inayohitaji matibabu, hata kama mifupa yake haijatoboka. Vilevile tundu moja la ukubwa huo likionekana kwa CT au PET-CT hutosha. Sababu ni kwamba wagonjwa wa namna hiyo wengi wao hupata madhara makubwa katika muda mfupi, na kusubiri mfupa uvunjike ndipo waanze dawa ni kuwanyima nafasi ya kinga. Kwa hiyo watu wawili wenye ugonjwa uleule wanaweza kupewa ushauri tofauti, mmoja aambiwe "tutakufuatilia" na mwingine "tuanze dawa", kwa sababu tu mmoja alipigwa eksrei na mwingine MRI.

Mwaka 2019 kikundi hicho kilishauri CT ya mwili mzima yenye mionzi kidogo ichukue nafasi ya eksrei kama kipimo cha kwanza, na isipoonyesha kitu ifuatiwe na MRI ya mwili mzima, au angalau ya uti wa mgongo na nyonga. Uingereza, kupitia mwongozo wa taasisi ya NICE wa mwaka 2016, ilielekea kuifikiria MRI ya mwili mzima kwanza. Tofauti hiyo haitokani na ubishi juu ya kile kila mashine inachokiona. Inatokana na mizani ya upatikanaji, gharama na muda.

Utafiti wa Ufaransa uitwao IMAJEM, uliochapishwa mwaka 2017, uliweka MRI ya uti na nyonga bega kwa bega na PET-CT kwa wagonjwa 134 waliokuwa wamegunduliwa kuwa na mieloma yenye dalili. MRI iligundua ugonjwa katika mifupa ya wagonjwa 127, na PET-CT kwa wagonjwa 122. Tofauti hiyo haikuwa ya maana kitakwimu. Tofauti ilijitokeza baada ya tiba. Wagonjwa ambao PET yao ilirudi katika hali ya kawaida kabla ya dawa za kudumisha nafuu walikaa muda mrefu zaidi bila ugonjwa kurudi, lakini kurudi kwa MRI katika hali ya kawaida hakukutabiri hivyo. MRI ilifaa kwa kuugundua ugonjwa, na PET-CT ilifaa kwa kupima kama tiba imefanikiwa.

Sindano bado ina kazi yake

Hakuna picha inayotaja jina la saratani. Doa jeusi katika MRI linaweza kuwa mieloma, limfoma au saratani iliyotoka kwenye titi. Jina hutokana na biopsi, ambapo kipande chembamba cha mfupa na uboho huchukuliwa nyuma ya nyonga na kuchunguzwa kwa hadubini. Biopsi nayo ina udhaifu: huchukua sehemu moja ndogo, na ugonjwa uliokaa kwa madoa unaweza kuwa sentimita chache kando ya sindano. Picha na sindano, kwa hiyo, hukamilishana. Sindano hutoa jina, picha hutoa ramani, na pale inapowezekana ramani humwelekeza daktari mahali pa kuchoma.

Kuchagua pale vipimo vyote visipopatikana

Glukosi yenye florini-18 hupungukiwa nusu ya nguvu kila baada ya dakika 110 hivi, hivyo haiwezi kusafirishwa mbali na saiklotroni inakotengenezwa. Ndiyo sababu PET-CT hupatikana katika miji michache, kama Nairobi, huku eksrei ikipatikana karibu kila mahali na CT ikiendelea kuenea katika hospitali za rufaa. Kwa mgonjwa wa mkoani, swali la kipimo gani ni bora huambatana na swali la nauli, malazi na siku za kazi zitakazopotea.

Katika hali hiyo kanuni ni kuanza na swali, kisha kutafuta kipimo kilicho karibu kinachoweza kulijibu. Ikiwa hofu ni mfupa kuvunjika, CT inatosha, na kwa mfupa mrefu eksrei huweza kutosha. Ikiwa ni saratani ya tezi dume au titi na inahitajika kujua kama mifupa imeguswa, skani ya mifupa bado ni chaguo la busara. Ikiwa ni mieloma na CT haionyeshi kitu, MRI ya uti na nyonga bila dawa ya kung'arisha huonyesha sehemu kubwa ya uboho mwekundu wa mtu mzima kwa muda mfupi kuliko ile ya mwili mzima. Ikiwa matibabu yamekwisha na linaloulizwa ni kama kuna ugonjwa ulio hai, hapo safari ya kufuata PET-CT huwa na sababu.

Mgonjwa na jamaa zake nao wana nafasi yao. Ni haki yao kumwuliza daktari: kipimo hiki kinatafuta nini? Kisipoonyesha kitu, ni jambo gani litakuwa bado halijajibiwa? Je, majibu yatabadilisha matibabu? Ni busara pia kutunza picha na taarifa zote za awali, kwa kuwa doa lililokuwapo mwaka jana bila kubadilika lina maana tofauti na doa jipya.

Mgonjwa wa mfano uliotangulia alikuwa na ishara mbili ambazo eksrei haikuweza kuzieleza: maumivu yasiyokoma na damu iliyopungua bila sababu kujulikana. Ishara hizo zilitoka katika uboho, na eksrei haiuoni uboho. Majibu safi ya kipimo kisichoweza kulijibu swali hayapaswi kufunga uchunguzi. Maadamu maumivu na upungufu wa damu havijapata maelezo, mgonjwa huyo bado anahitaji kutazamwa kwa kipimo kingine.